Kofia Yangu Imefanya Safari Yangu Bila Mimi

Poh, Bonde la Spiti
Jumanne asubuhi, mwezi wa sita

Kwa Mheshimiwa Mjomba Thukten,
Mtawa na Mtazama Siku,
Nyumba ya Watawa, Juu Kijijini.

YAH: KOFIA YANGU YA KIJANI KUSAFIRI WIKI NZIMA ILHALI MWENYEWE NIPO NYUMBANI

Shikamoo Mjomba.

Natumaini barua hii inakukuta magoti yakiwa na nafuu na jiko likiwa na moto. Sisi huku chini tunaendelea, isipokuwa mimi, ambaye kwa mujibu wa kijiji kizima sipo.

Najua unakaa mwendo wa dakika ishirini tu kutoka mlangoni kwangu, na utashangaa kwa nini nimeshika kalamu badala ya kupanda ngazi zako kama mpwa mwenye adabu. Jana nilijaribu kupanda. Nilipofika kwenye gurudumu la sala nikakutana na akina mama watatu wenye vikapu vya samadi mgongoni, nao wakanizuia kama askari. "Wee Angrup, unarudi wapi? Mtu aliyeanza safari hageuki nyuma! Unataka kutuletea mvua ya mawe kwenye njegere?" Nikawaeleza kwamba sijaanza safari yoyote. Mmoja akatoa simu akanionyesha picha ya kofia yangu ikiwa mbali huko Kibber. Nikashuka. Ndiyo maana naandika.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, naomba nikumbushe jinsi jambo lilivyoanza, kwa sababu lilianza kwako.

Safari hii nimeipanga miaka mitatu. Daftari unalifahamu. Lina ukurasa wa chakula, ukurasa wa matairi, ukurasa wa maumivu ya kichwa yanayowapata watu wa nchi za chini wakipanda huku, tukikutana nao njiani, na ukurasa wa nyimbo za kuimba kwenye kona mbaya. Siku saba kamili: Dhankar, Kaza, Kibber, siku moja ya kupumzika hapohapo Kibber, kisha Losar, kisha kupanda hadi Kunzum, pale njia inapovuka mlima, na kulitazama lile ziwa la nyuma yake, kisha nyumbani. Nilikuletea daftari lote. Ulitazama kitabu chako cha siku, ukapiga chafya, ukasema, "Jumatano hii, la sivyo subiri njegere zivunwe."

Jumatano hiyo gari langu halikuwa na klachi. Ukaniambia kile ambacho kila mtu bondeni angeambiwa: "Basi toa kitu chako nje. Hata kofia inatosha." Mimi sina ugomvi na desturi, Mjomba. Siku nzuri ikikukuta hujawa tayari, unatanguliza kitu chako kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji, upande wa njia unayokwenda, na safari inahesabika imeanza. Mwenyewe unaondoka ukiweza. Begi la marehemu baba liliwahi kukaa kwa jirani siku tisa kabla baba hajalifuata, na safari yake ilikuwa njema. Lakini begi la baba lilikaa! Halikwenda popote!

Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza. Nyumba ya mwisho ya kijiji ni ya Sherap, na Sherap ana pikapu. Hapa nakiri kosa langu moja, dogo. Kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio, nilikuwa nimebandika mpango wa siku saba ndani ya kofia, chini ya kitambaa, ili usipotee. Unamjua Sherap. Ana moyo mzuri, na kichwa chake hakijawahi kuusumbua moyo huo. Alikuwa anapakia mitungi ya gesi na saruji kwa ajili ya vijiji vya juu. Akaikuta kofia yangu kwenye rafu yake, akausoma mpango: "Siku ya kwanza. Kuondoka saa moja kamili asubuhi. TUSICHELEWE." Akatazama saa. Ilibaki robo saa. Akaifunga kofia mkanda kwenye kiti cha mbele, akaondoka. Saa tatu akanipigia. "Kaka Angrup, usiwe na wasi. Tuko ndani ya ratiba." Nikamuuliza, tuko nani? Akasema, "Mimi na wewe."

Pili. Kofia imepokewa kuliko nilivyowahi kupokewa mimi. Kule Dhankar, kwa Shangazi Dolkar, wewe unajua tunavyokaa: mwenye heshima karibu na jiko, na wengine mnashuka hivyo hivyo mpaka mlangoni. Mimi miaka yote naketi mlangoni, upepo ukinipuliza sikio la kushoto. Kofia ilikalishwa ya pili kutoka kwenye jiko, juu ya zulia jipya, na mbele yake sahani ya momo, zile za unga zilizojazwa nyama, na bakuli la pombe ya shayiri. Shangazi aliipigia magoti kidogo akaibembeleza: "Kula baba, mbona huli?" Picha ilitumwa kwenye kundi la kijiji. Watu arobaini na mmoja waliipenda. Mke wangu Yangzom aliikuza picha kwa vidole, akaitazama, akasema, "Imependeza kuliko ukiivaa." Momo alizila Sherap.

Tatu, na hili ni zito kwa sababu linahusu chuma. Alhamisi nilimpigia fundi wa Kaza kuuliza kuhusu klachi yangu. Akajibu kwa furaha, "Imefika! Nimekukabidhi." Umemkabidhi nani? "Wewe. Si umepita hapa na Sherap? Nimeona kofia nikajua ni wewe." Mjomba, nakuomba ulisome hili polepole. Gari langu haliwezi kuondoka bila klachi. Klachi imeondoka na kofia. Kwa hiyo sasa kitu pekee kinachoweza kunipeleka safarini kiko safarini. Nilimwambia Sherap airudishe klachi mara moja. Akasema mpango hauna mahali palipoandikwa kurudi siku ya pili.

Nne. Hapa nyumbani nimekuwa hewa. Yangzom hajafagia nyumba tangu Jumatano, kwa sababu ukifagia nyuma ya msafiri unafagia na bahati yake. Mimi msafiri mwenyewe nimekaa palepale, nainua miguu vumbi lipite. Chakula ananipa cha mwisho, akisema kilikuwa cha wageni na mimi nimetokea tu. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya maji shambani. Nilifika na jembe alfajiri nikakuta mfereji umefungwa na maji yanakwenda kwa mwingine. Mwenyekiti wa zamu aliniambia kwa upole mkubwa, akinishika bega, "Angrup yuko safarini. Akirudi tutampa yake." Nikasema Angrup ndiye mimi. Akasema, "Najua, ndugu yangu. Lakini kwenye daftari umesafiri." Njegere zangu zimelegea kama masikio ya punda kwa sababu ya kofia!

Tano. Siku ya sita naitaja kabla ya siku ya tano, na nina sababu zangu. Jana Sherap alifika Kunzum. Aliizungusha pikapu kwenye hekalu mara tatu kama kila dereva mwenye akili, kisha ikabandikwa sarafu kwenye lile jiwe linaloshika sarafu ya mwenye roho safi tu, kwa niaba ya kofia. Sarafu iliganda. Ilikaa pale kama imechomelewa. Unakumbuka nilipojaribu mimi, mwaka niliooa, mbele ya wakwe wote: sarafu ilianguka, nikaiokota, ikaanguka tena, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mama mkwe, naye hajanitazama vizuri tangu siku hiyo. Sasa bonde zima linajua kwamba roho safi ni ya kofia.

Sita. Losar.

Hapa kalamu inaniwia nzito, Mjomba, lakini wewe ni ndugu wa mama yetu, na ulikuwepo.

Unakumbuka siku mdogo wangu Paldan alipoondoka kwenda kuoa Losar na kukaa kwa wakwe zake. Miaka saba sasa. Nilikuwa nimekunywa, nikasema mbele ya wageni kwamba anakwenda kukamua ng'ombe wa mama mkwe mpaka vidole vipinde. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, mbele ya wageni walewale, "Na wewe safari zako zote zitaishia kwenye daftari." Nikamwambia siingii nyumbani kwake mpaka yeye aingie kwangu. Akasema haingii kwangu mpaka mimi niingie kwake. Tukaapa kwa jiko la mama. Tangu hapo amezaa binti, Dechen, ana miaka sita, na mimi baba yake mkubwa sijawahi kumtia machoni.

Watu wanadhani miaka mitatu napanga kwenda kuona ziwa. Ziwa nimeliona. Ni maji. Ukifungua daftari utaona siku ya tano nimeandika hivi, kwa herufi ndogo: "Losar. Kwa Paldan, ikibidi." Hilo "ikibidi" limenichukua majira mawili ya baridi. Nilitaka tufike pale, gari lizimike lenyewe mbele ya nyumba yake kwa bahati mbaya, niombe maji ya rejeta, na mengine yajiendeshe. Hapo hakuna aliyeshindwa. Ningekuwa nimeingia kwa sababu ya rejeta.

Badala yake Jumapili, saa sita mchana, Sherap aligonga mlango wa Paldan akiwa na kofia mkono mmoja na klachi mkono wa pili. Hakuomba maji. Alisoma mpango kwa sauti, pamoja na "ikibidi".

Kilichofuata nimekisikia kwa watu wanne, na kila mmoja anakiongezea. Paldan aliishika kofia kwa mikono miwili. Halafu akatoka nje akapiga kelele kwa majirani, "Kaka kaja! Kaka kaja mwenyewe!" Mke wake, kwa kuwa mgeni haji mikono mitupu, akaipokea klachi kama zawadi. Akaivalisha skafu nyeupe ya heshima, akaiweka kwenye rafu ya sala, kati ya taa za siagi na picha ya babu yao. Iko pale mpaka sasa. Itakuwaje niende kudai zawadi yangu kutoka kwenye rafu ya sala ya watu, Mjomba? Nitaanza na neno gani?

Na Losar nzima inasema mimi ndiye niliyekwenda kwanza. Miaka saba nimesimama imara, nimekosa harusi mbili na mazishi moja ili nisiingie, na kofia imeingia kwa siku moja tu, tena kabla ya chakula cha mchana. Sherap anasema alimuuliza Paldan kama hiyo inahesabika kuwa nimeomba radhi, na Paldan akajibu, "Kofia haijakataa."

Kwa hiyo, kwa heshima na unyenyekevu, naomba Ofisi yako itamke mambo yafuatayo kwa maandishi, yabandikwe penye gurudumu la sala:

(a) Kwamba Jumatano ile haikuwa siku nzuri, uliisoma vibaya kwa sababu ya chafya, na kwa hiyo safari yote haikutokea.

(b) Kama Jumatano ilikuwa nzuri, basi kwamba kofia si mtu. Haina miguu. Kisicho na miguu hakiingii nyumbani kwa mtu, kinaingizwa.

(c) Kama kofia ni mtu, basi kwamba ilikuwa imelewa. Ushahidi upo kwenye picha ya Dhankar, bakuli linaonekana wazi, na liliwekwa mbele yake tena Kaza na Kibber. Radhi ya mlevi haina nguvu, kama vile maneno yangu ya siku ile yasivyopaswa kuwa na nguvu. Naomba sentensi hii ya mwisho isibandikwe.

(d) Kama ilikuwa mtu na ilikuwa na akili zake, basi nipewe zamu yangu ya maji kwa jina la mtu mwingine, kwa kuwa mimi kisheria niko Losar, na huyu anayekuandikia ni mgeni tu aliyeachwa kutunza nyumba. Mgeni huyo anastahili kukaa karibu na jiko.

(e) Kwamba Paldan aletewe amri ya kutuma kofia yake hapa Poh, ikae kwangu mchana mmoja, ipewe momo, tuwe sawasawa.

(f) Kwamba kuanzia sasa desturi ya kutanguliza kofia ipigwe marufuku bonde zima, kutoka Sumdo mpaka Losar. Anayetaka kutanguliza kitu atangulize kitu kisichopendwa na watu, kwa mfano jiwe.

Nakuomba usinijibu kwa mdomo kupitia Yangzom kama kawaida yako. Mara ya mwisho ulimtuma aniambie, "Mwambie Angrup aandike kidogo, atembee zaidi." Maneno hayo yalinikaa rohoni, kwa sababu ni yaleyale ya Paldan, na ninyi wawili hamkupanga pamoja kuyasema.

Kwa mujibu wa mpango wangu, kofia inatarajiwa kijijini leo saa kumi jioni. Nitaipokea kwa utulivu. Nitaiuliza maswali machache.

Nisalimie watawa wote, mpishi wenu, yule novisi mwenye kikohozi, paka wa jikoni, na wewe mwenyewe magoti yako. Yangzom anakusalimu. Naamini kofia nayo ingekusalimu, kwa kuwa inasalimia kila mtu.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, nikiwa sebuleni kwangu, miguu juu ya stuli,

Angrup (aliyepo)

Nakala kwa:
Mwenyekiti wa Zamu za Maji.
Shangazi Dolkar, Dhankar (kuhusu zulia).
Yangzom, ambaye ameshaisoma na kucheka mahali pasipostahili.

Nyongeza, Jumanne hiyohiyo, saa kumi na moja jioni.

Mjomba, barua haijaondoka. Nilikuwa natafuta bahasha niliposikia honi ya Sherap. Saa kumi kasoro dakika mbili. Lazima nikiri kwamba mpango wangu ulikuwa mzuri.

Kofia haikuwa kwenye kiti. Ilikuwa kwenye kichwa cha mtoto, imemshukia mpaka kwenye nyusi, na chini yake meno mawili hayapo. Nyuma yake alishuka Paldan. Amepata mvi. Hakuna aliyeniambia kwamba mdogo wangu amepata mvi.

Tulisimama pale barabarani kama maksai wawili kwenye daraja jembamba. Alikuwa na jibu lake tayari, na mimi nilikuwa nalo langu, niliona kabisa. Angesema, "Wewe ndiye uliyekuja kwanza." Na mimi ningemwambia, "Wewe ndiye uliyekuja na miguu." Miaka saba mingine ilikuwa inatusubiri pale pale. Lakini mtoto akaja akasimama katikati yetu, akainua kofia kwa vidole viwili apate kuniona, akauliza, "Baba mkubwa, hii kofia ni yako au ni yangu?"

Nikasema ni yako. Kijiji kizima, Mjomba, kilikuwa kimekaa ukutani kinatazama, na sikujali.

Nimeambiwa pia kwamba siku ile Kunzum aliyebandika sarafu hakuwa Sherap. Paldan na Dechen walipanda naye ili kofia isiende peke yake, na Dechen ndiye aliyebandika, akasema, "Hii ya baba mkubwa." Kwa hiyo malalamiko namba tano nayaondoa. Namba moja, mbili, nne na sita nayaondoa pia. Yangzom amefagia. Paldan ameketi karibu na jiko, na mimi niko mlangoni, na upepo ule wa sikio la kushoto leo hausumbui.

Namba tatu inabaki, kwa sababu klachi hawakuileta. Nilipouliza, Paldan alisema zawadi hairudishwi, na kama naitaka niifuate mwenyewe, ila nitakunywa chai kwanza. Sherap anapanda tena Jumapili, na nafasi ipo. Lakini nasikia Jumapili ni siku mbaya ya kuondoka na kwamba Alhamisi inafaa. Kama Alhamisi haifai, tafadhali itazame tena ukiwa umevaa miwani.

Kwa hiyo ombi (f) kuhusu marufuku lichome jikoni. Pamoja na barua hii nakuletea kofia yangu ya pili, ile ya manyoya. Naomba uibariki, na Alhamisi asubuhi umpe mtu aiteremshe kwa Sherap, nyumba ya mwisho, rafu ileile, nami nitaifuata Jumapili. Ndani nimebandika mpango mpya, naye Sherap ameshaonywa aufuate neno kwa neno. Siku ya kwanza mpaka ya saba: Losar, kwa Paldan. Neno "ikibidi" nimelifuta.